Jinsi ya kuseti geini ya amplifaya ya gari bila kuunguza sabufa: mwongozo kamili

Sabufa ikiungua cha kwanza watu wanalaumu sabufa. Mara feki, mara muuzaji wa Kariakoo kanipiga, mara nilijua tu ile bei haikuwa ya kawaida. Sawa feki zipo, ila ukifungua buti ukaangalia nobu ya geini unaikuta imezungushwa mpaka mwisho, BASS BOOST nayo mwisho, na kwenye redio loudness imewashwa. Hapo hata ungefunga sabufa ya milioni mbili ingekufa tu.

Na maelezo yanayozunguka mtaani ndo haya haya kila siku, "weka nusu", "weka saa saba", "zungusha mpaka ianze kukwaruza alafu rudisha kidogo". Nusu ya nini sasa? Redio hazifanani, amplifaya hazifanani. Hapa tunaseti kwa kupima, na kipimo chenyewe ni ile multimita ya njano ya bei poa kabisa.

## Elewa hili kwanza, vinginevyo utarudi kule kule

Geini sio volyumu. Narudia kwasababu hapa ndo watu wote wanapoangukia, geini sio volyumu.

Redio inatuma signali ndogo kwenda kwenye amplifaya, redio nyingi ikifika juu kabisa inatoa volti 2, nzuri zaidi volti 4 au 5. Kazi ya geini ni kuiambia amplifaya signali kubwa utakayopokea ni kiasi hiki, ikifika hapo toa nguvu zako zote. Ndo maana pembeni ya nobu kwenye amplifaya nyingi namba zinaenda kinyume na unavyotegemea, upande wa chini pameandikwa 6V na upande wa juu 0.2V. Ukizungusha mpaka 0.2V unaiambia redio yangu dhaifu sana, hiyo 0.2 tu itoshe kukufikisha mwisho. Sasa redio ya volti 4 ikiingia hapo, amplifaya inamaliza nguvu zake volyumu ikiwa bado chini, na kila unachoongeza baada ya hapo haiongezi nguvu safi, inakata vichwa vya mawimbi. Ndo kuklipu huko.

Wimbi lililokatwa kichwa linabeba nishati nyingi kuliko wimbi safi la kimo kile kile, likikatwa mpaka likawa mraba kabisa inafika mara mbili. Kwahiyo amplifaya ya wati 300 inaweza kuipelekea koili joto la kama wati 600, na ile koili ni waya mwembamba umepakwa vanishi na kuzungushiwa kwenye kibomba chepesi, gundi inalainika, waya unaachia unaanza kusugua. Ile harufu kali ya kitu kama plastiki inayoungua ukifungua buti, ndo hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Multimita yenye kupima volti za AC. Ile ndogo ya njano inatosha.
- Bisibisi bapa ndogo, maana nobu nyingi ni kijitundu chenye mfereji.
- Bisibisi nyota au allen key ya terminali za spika.
- Flashi, pamoja na kompyuta ya kutengenezea toni (nitaelekeza).
- Kikokotoo chenye kipeuo cha pili, cha kwenye simu kinafaa, kilaze simu tu kitatokea.
- Spana ya kumi ya kufungulia terminali ya betri.
- Rangi ya kucha. Kazi yake utaiona mwishoni.

Utahitaji pia sehemu ya wazi. Gari itawashwa muda wote wa kupima, kwahiyo usifanyie kwenye gereji iliyofungwa wala basement ya ghorofa, moshi wa gari unaua na hautoi taarifa.

## Hatua ya 1: Kagua waya na fyuzi kwanza

Kuseti geini kwenye gari yenye waya mbovu ni kupoteza muda, kwasababu mziki ukipanda volti inashuka na amplifaya inaanza kuklipu mapema kuliko ulivyopima.

Fyuzi kubwa lazima ikae karibu na betri, isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye terminali. Sio kwenye buti, kwenye boneti. Ile fyuzi hailindi amplifaya, inalinda gari isiungue pale waya ukichubuka njiani ukagusa bodi.

Waya wa negativu wa amplifaya uwe mfupi, unene ule ule wa pozitivu, na umefungwa kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae. Kuufunga juu ya rangi au kwenye boliti ya kiti ndo chanzo cha nusu ya kelele zote.

Alafu kwangua ncha ya waya wa umeme kwa wembe. Ukikuta ndani rangi ya fedha badala ya wekundu wa shaba, huo ni alumini umepakwa shaba juu. Sio kwamba haufai kabisa, ila unabeba umeme mdogo kuliko shaba ya unene huo, so kama ulichagua unene kwa kubana ujue umebana mara mbili.

Dalili ya kufaulu: gari imewashwa, mziki umezimwa, ukipima volti za DC kwenye terminali za amplifaya yenyewe unapata kati ya 13.5 na 14.4, karibu sawa na za kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti hali hakuna mziki, kuna kiungo kimelegea mahali.

## Hatua ya 2: Jua wati halisi, achana na za kwenye boksi

Kwenye boksi pameandikwa 3000W kwa herufi kubwa za dhahabu. Hiyo sahau. Tunayoitaka ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinaweza kuihimili mfululizo, na kwa kawaida iko kwenye kikaratasi cha ndani kwa herufi ndogo.

Kama amplifaya haina kikaratasi, angalia fyuzi zake zenyewe pale pembeni. Jumlisha ampea zote, zidisha kwa 13.8, kisha zidisha kwa 0.8 kama ni class D au 0.6 kama ni class AB (hizo ni aina za amplifaya). Mfano fyuzi moja ya 30: 30 × 13.8 × 0.8 unapata kama wati 330. Kwahiyo ile "3000W" yenye fyuzi moja ya 30 ni amplifaya ya wati mia tatu na kitu, tena hapo nimekuwa mkarimu.

Kwa sabufa fuata RMS pia, pale ilipoandikwa MAX usiiangalie.

Sasa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa koili. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 kila moja ukizifunga sambamba unapata omu 2, ukizifunga kwa mfululizo unapata 8. Yenye koili mbili za omu 2: sambamba omu 1, mfululizo omu 4. Kama hujui fundi alifungaje, gari ikiwa imezimwa chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya na upime hizo waya. Ila gusanisha kwanza ncha za multimita zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi, za bei rahisi zinasoma 0.3 au hata 0.5, toa hiyo. Na multimita huwa inasoma chini kidogo ya jina la spika, omu 4 utaiona 3.2 mpaka 3.7, omu 2 utaiona kama 1.7. Hiyo ni kawaida.

Onyo: kama umepata omu 1 na amplifaya imeandikwa inahimili mwisho omu 2, simama hapo hapo. Badilisha ufungaji kwanza, geini haitakusaidia kitu.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya volti unayoitafuta

Hesabu ni moja tu, volti = kipeuo cha pili cha (wati × omu).

Kwenye wati chukua ile ndogo kati ya amplifaya na sabufa. Tuseme una IST, nyuma kuna sabufa ya inchi 12 ya RMS 400 yenye koili mbili za omu 4 zimefungwa sambamba, na amplifaya inatoa 500 kwenye omu 2. Ndogo ni 400. 400 × 2 = 800, kipeuo chake ni 28.3. Hiyo ndo namba yako, andika hata kwenye kiganja.

Baadhi zinazotokea sana:

- Wati 60, omu 4: volti 15.5
- Wati 100, omu 4: volti 20
- Wati 300, omu 4: volti 34.6
- Wati 300, omu 2: volti 24.5
- Wati 500, omu 2: volti 31.6
- Wati 500, omu 1: volti 22.4
- Wati 1000, omu 1: volti 31.6

Angalia hapo wati 500 omu 2 na wati 1000 omu 1 volti ni ile ile. Kwahiyo ukikosea omu kwenye hesabu umekosea kila kitu, ndo maana nimekusumbua na kupima.

## Hatua ya 4: Tengeneza toni za majaribio

Huwezi kupima kwa wimbo, namba zitakuwa zinaruka ruka. Unahitaji toni moja isiyobadilika.

Pakua Audacity kwenye kompyuta, ni ya bure. Nenda Generate, alafu Tone, chagua Sine. Weka 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), na pale kwenye Amplitude utakuta imejiweka 0.8, badilisha iwe 1. Hii ya 0.8 inawapita wengi, toni inakuwa chini kama desibeli 2 (kipimo cha ukubwa wa sauti) na geini yako inakaa juu kuliko unavyodhani. Muda weka dakika tano. Hifadhi kama WAV, sio MP3. Tengeneza na nyingine ya 400 Hz kwa ajili ya spika za milango.

Kwanini 50 na 400? 50 iko ndani ya eneo la sabufa, na multimita za bei rahisi zinasoma vizuri kuanzia kama 45 Hz mpaka 400 na kidogo, ukizipa 1000 Hz kama wanavyoelekeza kwenye video nyingi baadhi zinadanganya, zinasoma chini, na we unazidi kuzungusha.

Usitumie toni ya YouTube kupitia Bluetooth. Hujui aliyeipandisha aliiweka desibeli ngapi, na simu nayo ina volyumu yake pale katikati. Flashi kwenye redio basi.

## Hatua ya 5: Sawazisha redio na utafute mwisho wake safi

Kwenye redio: ikwalaiza yote sifuri, besi sifuri, treble sifuri, loudness zima, balansi na feda katikati. Vitu vyenye majina kama Super Bass, 3D, sijui Surround, zima vyote. Redio za Android ndo zina huu uchafu mwingi, na zingine zina ikwalaiza mbili, moja kwenye mipangilio ya redio na nyingine ndani ya programu ya mziki.

Kama redio ina SUB LEVEL, iweke pale juu kabisa ambapo wewe au yeyote anayeendesha hiyo gari atakuja kuiweka. Watu wanaseti ikiwa sifuri alafu wiki ijayo dogo anaipandisha mpaka +10 na hesabu yote inaharibika. Ikiwa gari inaendeshwa na watu wengi, weka mwisho kabisa, seti hivyo, kisha ishushe.

Volyumu sasa. Redio nyingi zenyewe zinaanza kuklipu zikikaribia mwisho, kwahiyo tunachukua robo tatu. Redio inayoishia 40, mwisho wako ni 30. Inayoishia 35, ni 26. Inayoishia 62, ni 46. Hiyo namba ndo itakuwa juu kabisa ya matumizi yako, milele, kuipita ni marufuku.

Ukiwa na multimita nzuri kidogo inayosoma volti ndogo za AC unaweza kujua kwa uhakika: cheza toni ya 50 Hz, pima kwenye kichwa cha RCA, ule waya unaopeleka signali kutoka redio kwenda amplifaya (ncha ya katikati na pete ya nje), panda volyumu hatua moja moja. Volti itakuwa inapanda kwa mwendo unaoeleweka alafu mahali fulani inagoma, unaongeza hatua mbili na namba haisogei. Hapo redio imeshaanza kukata. Rudi hatua mbili tatu chini, huo ndo mwisho wako.

## Hatua ya 6: Iandae amplifaya

Gari zima. Toa terminali ya negativu ya betri.

Chomoa waya za spika kutoka kwenye amplifaya. Zote. Hapa ndo watu wanaona uvivu, na ndo unaua spika siku ya kuseti yenyewe, maana toni ya 50 Hz ikikaa kwa nguvu kamili inapasha koili bila kupumzika, mziki una mapumziko, toni haina. Hakikisha pia zile ncha za waya ulizochomoa hazigusani wala hazigusi bodi.

Kisha kwenye amplifaya:

- GAIN, au LEVEL, au INPUT SENS, zote kitu kimoja: zungusha mpaka chini kabisa.
- BASS BOOST: sifuri.
- LPF, filta inayopitisha sauti za chini tu: pandisha mpaka mwisho kwa muda, isije ikapunguza toni yako.
- SUBSONIC kama ipo, filta inayokata sauti za chini mno: shusha chini kabisa.
- Ile nobu ya besi ya mbele pale kwenye dashbodi: ichomeke na uizungushe juu kabisa. Ukiseti ikiwa chini ujue umejitegea mwenyewe.

Kuhusu BASS BOOST ntasema kidogo maana najua utaiwasha nikishaondoka. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Ukipandisha 6, mara nne. Ukipandisha 12 unadai nguvu karibu mara kumi na sita, na amplifaya ya wati 400 haiwezi kugeuka kuwa ya wati 6400. Kama ni lazima kabisa, iweke pale unapoitaka SASA kabla ya kuseti, na toni yako iwe ya 45 Hz kwasababu nyingi zinapandisha hapo. Utaona geini inaishia chini sana. Ndo gharama yake.

## Hatua ya 7: Zungusha geini mpaka kwenye namba yako

Rudisha terminali ya betri, washa gari, iache inaunguruma. Kwanini gari iwake? Betri peke yake inatoa kama 12.6, gari ikiwaka inafika 14, na amplifaya nyingi nguvu yake inategemea hiyo. Unataka kupima katika hali ambayo mziki unapigwa.

Multimita weka kwenye volti za AC, zile zenye alama ya wimbi. Kwenye ile ya njano ni 200 upande wa V~. Sio V yenye mstari ulionyooka, hiyo ni DC na utasoma sifuri ukafikiri amplifaya imekufa.

Ncha moja kwenye pozitivu ya spika, nyingine kwenye negativu ya spika. Kama umeunganisha chaneli mbili kuwa moja, tumia zile terminali mbili zilizoandikwa BRIDGED, kawaida ni pozitivu ya kushoto na negativu ya kulia.

Cheza toni ya 50 Hz. Panda volyumu mpaka kwenye ule mwisho wako safi, 30 kwa mfano wetu. Hutasikia chochote kwasababu spika hazipo, ni sawa.

Sasa zungusha geini pole pole. Pole pole kweli kweli, ile nobu ni kidude kidogo na milimita moja inaruka volti tano. Utaona 6.2, 11.4, 19 na kitu, 25... ukifika 28.3 acha. Ukipita kidogo rudi, usijisemee "haina shida ni moja tu".

Dalili ya kufaulu: namba imetulia kwenye lengo lako, haichezi zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, na nobu imekaa mahali ambapo macho yatakuambia mbona chini hivi. Na redio ya volti 4 mara nyingi itakuwa chini ya nusu. Usiyasikilize macho.

Onyo: kwenye terminali hizi kuna umeme wa maana. Volti 28 sio mbaya sana ila amplifaya kubwa inapita 60, usishike ncha kwa vidole na usiache ncha mbili zikagusana, ukipiga shoti hapo amplifaya inaingia PROTECT (inajizima kujilinda) ukiwa na bahati.

### Ikigoma kufika

Kuna hali mbili. Ya kwanza, geini umemaliza na volti bado ndogo, tuseme 9: signali haifiki. Angalia kama RCA imechomekwa kwenye tundu la SUB na sio la nyuma, kama SUB kwenye redio imewashwa, kama volyumu iko pale ulipoiweka.

Ya pili inauma zaidi. Volti inapanda vizuri mpaka, tuseme, 18 alafu inaanza kutambaa, unazungusha robo nzima inaongeza nusu volti. Hapo amplifaya imefika dari yake, ule wati 500 haukuwepo. 18 × 18 ÷ 2 ni wati 162. Rudisha mpaka 16 na ukubali ulichonacho.

## Hatua ya 8: Amplifaya ya spika za milango

Utaratibu ni ule ule, toni ya 400 Hz, HPF (filta inayopitisha sauti za juu tu) imezimwa au imeshushwa chini kabisa kwa muda, lengo lako kwa spika za RMS 60 za omu 4 ni 15.5. Amplifaya ya chaneli nne ina geini mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja iseti yenyewe na pima chaneli zote mbili, kushoto na kulia. Zikipishana zaidi ya nusu volti angalia balansi ya redio kwanza kabla hujaanza kulaumu amplifaya.

## Hatua ya 9: Rudisha spika na weka filta

Zima mziki, zima gari, toa terminali ya betri tena, rudisha waya za spika. Pozitivu kwa pozitivu. Ukigeuza moja kwenye spika mbili besi inapotea kimya kimya na utadhani geini ni ndogo.

Filta za kuanzia: LPF ya sabufa 80 Hz, HPF ya milango 80 Hz, SUBSONIC 25 mpaka 30 Hz kama boksi lina tundu. Boksi lenye tundu bila subsonic ni hatari, chini ya pale lilipotuniwa koni inaogelea bila breki na inaweza kugonga chini hata kwa wati chache.

## Hatua ya 10: Sasa sikiliza

Weka wimbo unaoujua vizuri, panda taratibu. Amapiano na bongo fleva za sasa zimerekodiwa kwa sauti ya juu, zinakaribia sana ile toni yetu, kwahiyo geini hii inazitosha. Ukipenda dansi ya zamani au taarab za kanda zilizohamishwa, zile zimerekodiwa chini, utaona mziki mdogo hata kwenye volyumu 30. Kwa mtu wa hivyo tengeneza toni nyingine Amplitude ikiwa 0.56, ambayo ni desibeli 5 chini, useti kwa namba ile ile ya volti. Lakini ukiweka amapiano siku hiyo shusha volyumu mwenyewe. Mimi binafsi nabaki na toni kamili.

Besi ikiifunika milango, shusha geini ya sabufa. Milango ikiifunika besi, shusha geini ya milango. Siku zote unashusha anayepiga kelele, humpandishi mnyonge, kwasababu mnyonge tayari yuko kwenye mwisho wake salama.

Mziki ukiwa juu, mwambie mtu apime volti za DC kwenye terminali za amplifaya. Zikibaki juu ya 13 uko vizuri. Zikishuka mpaka 11 na kitu kila besi ikipiga, taa zinafifia nazo, basi waya ni mwembamba au alteneta imezidiwa, na hapo shusha geini mpaka urekebishe.

Baada ya nusu saa gusa amplifaya. Vuguvugu au moto wa kuvumilika sawa, ukishindwa kuweka kiganja ipe hewa, wengi wanaifunika na kapeti.

## Kama redio ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani

Nyingi hazina RCA, kwahiyo fundi anachukua waya za spika na kuziingiza kwenye HIGH INPUT ya amplifaya au kwenye kigeuzi. Inafanya kazi. Ila ndani ya hiyo redio kuna kiamplifaya kidogo cha wati 15 mpaka 20 hivi kwa kila spika, hata kama usoni pameandikwa 50W x 4, na kinaklipu mapema. Chukua asilimia 65 mpaka 70 ya volyumu badala ya robo tatu, hatua nyingine zote zibaki vile vile.

## Matatizo yanayojirudia

Kuna mlio unaopanda ukikanyaga mafuta. Negativu mbovu au RCA imepita sambamba na waya wa umeme. Pitisha moja kulia, nyingine kushoto mwa gari. Geini ikiwa juu mlio unakuzwa nao, so kuseti vizuri kunaupunguza ila hakuuponyi.

PROTECT inawaka besi ikipiga tu. Omu ndogo kuliko inavyohimili, au volti inashuka. Rudi hatua ya 1 na ya 2.

Sauti inachanika hata kwenye volyumu 15. Sio geini tena kama ulipima. Koili imeshaanza kusugua, zima gari, sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili taratibu usikilize kama inakwaruza.

Niliseti vizuri, baada ya wiki imebadilika. Kuna mtu kagusa. Car wash, fundi wa taa, shemeji. Ndo kazi ya rangi ya kucha: chora mstari mmoja kutoka kwenye nobu mpaka kwenye bodi ya amplifaya, mstari ukikatika unajua kimezungushwa na unajua pa kukirudisha. Ukibadilisha redio mstari huo hauna maana tena, anza hatua ya 5. Ukibadilisha sabufa peke yake, piga hesabu upya hatua ya 2 na 3 kisha ruka mpaka ya 6.